Serikali Ikikuuliza Kama Unaweza Kuoga

Wazee wetu wa Pwani wamelelewa kuisitiri shida. Mwamkie mzee wa Mombasa aliyelala wiki nzima akiugua, atakujibu hajambo, alhamdulillahi, kisha ataanza yeye kukuuliza hali za watoto. Adabu hiyo haimdhuru mtu pale nyumba inapokuwa na watu. Mkwe ataona mguu umevimba, jirani atasikia kikohozi usiku, mjukuu atatumwa dawa bila mzee kufungua kinywa. Huku Uingereza ninakoishi, adabu hiyohiyo inawakosesha wazee wetu haki yao. Serikali ya huku haiuoni mguu wala haikisikii kikohozi. Inajua kilichoandikwa kwenye fomu, basi.

Fomu ninayoisema ni ya posho iitwayo Attendance Allowance. Hupewa mtu aliyefika umri wa pensheni ya serikali ambaye kwa muda wa miezi 6 amehitaji kusaidiwa au kuangaliwa kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Haijali ana akiba kiasi gani, na haikatwi kodi. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, aliyehitaji msaada mchana au usiku alipata pauni 73.90 kwa wiki, na aliyeuhitaji mchana na usiku alipata pauni 110.40. Ukipiga simu kuomba fomu kisha ukairudisha ndani ya wiki 6, malipo huhesabiwa tangu siku uliyopiga. Mwenye viza isiyoruhusu fedha za umma hana fungu hapo, na kwa kawaida mwombaji awe ameishi nchini angalau miaka 2 kati ya 3 iliyopita.

Nilikaa kuijaza na bi mkubwa mmoja mzaliwa wa Lamu, raia wa huku siku nyingi, anayeishi na mwanawe na mkwewe hapa Leicester. Tulipofika kwenye swali la kuoga akasema, "Naoga mwenyewe, mwanangu. Andika hivyo." Mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akainama asiseme neno. Nikaomba anioneshe bafuni. Kuingia kwenye bafu hawezi tena. Huketi kwenye kiti cha plastiki kando ya sinki, naye mkwe humwagia maji kwa kopo. Udhu ndio mzito zaidi: mkwe humshika kiuno kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili humwinulia mguu. Mara tano kwa siku, pamoja na ile ya alfajiri kungali giza. Mkwe akiwa kazini, bi mkubwa hutayamamu kitandani, kwa kuwa aliwahi kuteleza hapo akiwa peke yake.

Fomu haina swali la udhu, lakini ina nafasi ya maelezo ya ziada. Tukayaandika yote: ni mara ngapi, huchukua dakika ngapi, na hutokea nini asipokuwapo mtu. "Mambo yangu haya yote wakayasome watu baki?" akauliza. Nikamjibu kwamba mkwewe huyabeba kila siku, na tusipoyaandika kazi yake itahesabiwa kuwa haipo. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza mwenyewe habari ya usiku, jinsi anavyoamshwa kwenda msalani. Mficha uchi hazai.

Na kazi ya mkwe kweli huhesabiwa. Mzee akishapata posho yake, anayemhudumia kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kuomba ya kwake, Carer's Allowance, iliyokuwa pauni 83.30 kwa wiki mwaka huohuo, mradi mshahara wake usipite kikomo, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya makato. Ni fedha kidogo kwa kazi kubwa, tena aliyeajiriwa kwa saa nyingi huikosa. Lakini ni serikali inayokiri kwamba kumwosha mzee ni kazi.

Mlango wa pili ni halmashauri ya mji. Kwa sheria ya mwaka 2014 inayohusu Uingereza yenyewe, bila ya Scotland na Wales, mtu mzima anayeonekana kuhitaji huduma ana haki ya kufanyiwa tathmini na halmashauri, awe tajiri au maskini. Anayestahili anaweza kupewa fedha mkononi amwajiri mhudumu wake mwenyewe, hata mtu anayejua Kiswahili na kupika wali wa nazi. Kwa kawaida hazimlipi jamaa wa karibu anayeishi nyumba hiyohiyo, isipokuwa halmashauri ione hapana budi.

Hapo ndipo mali hupimwa. Mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia. Nyumba anayoishi haihesabiwi maadamu anahudumiwa humo humo, lakini kiwanja cha Kisauni au nyumba ya Malindi iliyo kwa jina lake huhesabiwa, hata kama hajaikanyaga kwa miaka. Kumwandikisha mtoto mali hiyo haraka ili isionekane hakusaidii, kwani halmashauri ikiona ndiyo nia, inaweza kuihesabu kana kwamba bado ni ya mzee. Mambo haya yazungumzwe na jamaa wote mapema, pande zote mbili za bahari.

Safari nazo zina kikomo. Mzee anayekwenda nyumbani kwa muda huendelea kulipwa posho kwa wiki 13, au 26 ikiwa amekwenda kutibiwa. Ndiyo maana utawasikia wazee wetu wakihesabu wiki kabla ya kukata tiketi. Wanaotaka kufunga Ramadhani na kula Idi zote mbili kwao hulazimika kuchagua kati ya jua la nyumbani na fedha ya mhudumu.

Mimi mama yangu yuko Mombasa. Anaogeshwa na wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyeacha biashara yake ya mahamri ili asimwache mgonjwa peke yake. Nyumba haikosi wageni, na mama hali chakula cha baridi. Kwa hilo simwonei wivu mzee yeyote wa Leicester, ambako nimewajua wanaokaa na televisheni kuanzia asubuhi hadi mhudumu aje kwa nusu saa ya jioni.

Lakini serikali yetu haijawahi kumuuliza mama kama anaweza kuoga. Kupitia Inua Jamii, mpango uliofunguliwa mwaka 2018 kwa Wakenya waliotimiza miaka 70, hutolewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee anayetembea hadi sokoni na mzee asiyeweza kugeuka kitandani hupata kiasi kilekile. Kwa mwenye kulala tu, fedha hiyo haifiki mbali ukishanunua pampasi. Wifi yangu hapati kitu, wala jina lake haliko kwenye daftari la mtu. Ninachotuma mimi huenda kwa dawa. Biashara yake sijaweza kumrudishia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na kusaidiwa ipasavyo na jamaa zake na Serikali pia. Jamaa wametimiza sehemu yao, na katika nyumba nyingi jamaa maana yake ni mwanamke mmoja aliyeacha kipato chake. Serikali nayo ianze kwa kuuliza. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kubeba maswali yaleyale: mzee anaogaje, nani humwinua usiku, huyo anayemwinua anakula nini. Majibu yakishaandikwa, ndipo bajeti itakapokuwa na cha kujibu.

Sisi wa ughaibuni tumeyazoea maswali hayo, basi tuna kazi pande zote mbili. Huku, tukae na wazee wetu tuijaze fomu kwa ukweli wa siku yao mbaya, bila kuona haya. Kwa ajili ya wazee wa kule, tunapoombwa michango na kura na wanasiasa wanaokuja kututembelea, tuwatajie kifungu cha 57 na tuwaulize mkwe anayemhudumia mzee amewekewa nini kwenye bajeti ya mwaka huu.