Si Zebu, Ni Njaa

Kila tukienda choma na mbogi yangu, lazima kuna mtu atatafuna dakika tano, aweke mfupa chini, aseme: "Huyu alikuwa zebu." Hata mimi niliamini hivyo. Imani hiyo ilinimezea elfu sabini.

2021 nilimtumia mjomba wangu wa Kajiado pesa za tangazo langu la kwanza. Yeye alitaka tununue zebu wawili wadogo. Mimi nikakaza: Sahiwal, dume mmoja, ile mbegu iliyotoka upande wa Pakistan, mwili mkubwa. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikajiona daktari wa mifugo.

Na sikuwa nimedanganya. Sahiwal au Boran akilishwa vizuri, zebu hamfikii kwa kilo. Shida iko hapo kwa "akilishwa vizuri." Mwili mkubwa unakuja na tumbo kubwa. 2022 mvua ikakataa tena, nyasi zikaisha, na marobota yakawa ya wenye pesa. Zebu wa mjomba walikonda lakini wakaendelea kutembea. Dume wangu akaanza kulala chini, na kumwinua ilikuwa kazi ya wanaume wanne.

Ng'ombe mwenye njaa hujila mwenyewe, mafuta kwanza, halafu misuli. Mvua inarudisha kilo, kiangazi kinazichukua. Ndiyo maana wengi wanafika kichinjioni wakiwa wazee, na nyama ya mzee ni ngumu, awe wa mbegu gani. Halafu kuna lori. Mnyama akichinjwa akiwa amechoka, nguvu zote za misuli zimeisha, nyama inatoka nyeusi na kavu. Sisi huku tunalaumu zebu!

Mvua iliporudi, mjomba alifungia zebu wawili, hata miaka mitatu hawajafika. Miezi mitatu ya nyasi kavu, mahindi yaliyosagwa, molasi, mashudu ya pamba, maji hapo karibu. Mmoja tulimla Desemba. Wasee, hiyo nyama hata cucu hangehitaji meno.

Dume wangu aliuzwa elfu tisa kabla hajafa. Mjomba alinitumia zote, hata ya kutoa akaongeza. Hakuwahi kusema "nilikuambia," na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Juzi amepiga simu, anataka tuanze tena. "Safari hii mbegu gani, kijana?" Nimemwambia achague yeye. Mimi nimetuma za marobota.