Ngazi za Lamu na Miguu ya Shangazi Yetu



Mwenye kusafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Lamu hupita Malindi, Garsen na Witu, na mwisho wa barabara ni Mokowe. Hapo gari huachwa, na safari iliyosalia huwa ni ya mashua. Tulipofika sisi, ndugu watatu wa kike pamoja na watoto wetu, ilikuwa mwanzo wa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na kaskazi ilikuwa imekwisha anza kuvuma. Tulipoegesha kwenye gati ya Lamu, mashua ikawa inapanda na kushuka. Mbele yetu alikuwako bibi mmoja mtu mzima sana, kapu mkono mmoja, pindo la buibui mkono wa pili. Alingoja wimbi liinue mashua, akaupeleka mguu kwenye ngazi yenye utelezi, akatua, akapanda zake. Sisi tulio wadogo kwake kwa miaka mingi tulishikwa mikono na mabaharia.

Tulitazamana bila ya kusema, kwani sote tulimfikiria mtu mmoja. Shangazi yetu, aliyekuwa akishuka mashuani vivyo hivyo mwaka uliotangulia, alikuwa hajavuka kizingiti cha nyumba yake kwa muda wa miezi mitano.

Lamu ni mji unaotaka miguu. Ndani yake mtu haendi kwa gari. Huenda kwa miguu yake au ya punda. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizoufanya mji mkongwe uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimesimama karibu karibu hata baadhi ya vichochoro vyatosha watu wawili tu kupishana. Akija punda na mzigo wake wa mchanga, hubanwa mgongo ukutani hadi apite. Kando ya njia hupita mfereji wa maji, na mwenye kwenda hulazimika kuuruka huku na huku. Kila mlango una vidato vyake, na ndani ya nyumba kuna ngazi za mawe, nyembamba na za wima. Aliyezaliwa humu huifunza miguu yake tangu utotoni pasi na kujua kwamba anajifunza. Lakini mji huohuo, miguu ikishasahau, hugeuka kuwa wa hatari kila hatua.

Nyumba ya shangazi iko Mkomani. Huingiwa kwa daka lenye baraza mbili za mawe, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana iliyofuatana. Yeye alikuwa akilala ghorofani. Siku ya mvua aliteleza kwenye kidato cha tatu, amebeba sinia. Alhamdulillahi hakuvunjika mfupa. Aliumia nyonga, akapona baada ya wiki chache. Kilichobaki ni hofu, yake na yetu.

Na sisi, kutoka Mombasa, tukaanza kumhurumia kwa simu. Tulimwambia asipande ngazi, asende nje, asipike, asifue. Tulimtafutia msichana wa kumletea kila kitu alipo. Kitanda kikashushwa chini. Hata mkeka wa kuswalia ukakunjwa, akawa anaswali kitini. Sharia imempa mwenye udhuru ruhusa ya kuswali ameketi, na hiyo ni rehema kubwa. Lakini ruhusa ile tulimhimiza sisi, kabla hajaihitaji.

Tulipoingia tulimkuta ameegemea mito, uso umepauka kwa kukosa jua. Aliinuka kutupokea, akashika ukuta. Kukivuka kiwanda, hatua kumi hivi, alikwenda akipapasa kama mtu aliye kizani. Mmoja wetu alipomkimbilia, alisema kwa upole: "Mlisema nikae, wanangu, nikakaa. Sasa hata kusimama kwenyewe kwanichosha."

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumedhani twamlinda na anguko la pili, kumbe tulikuwa twamtayarishia.

Siku ya tatu tulimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimpima, akauliza dawa anazotumia, akaangalia macho yake na viatu vyake. Kisha akatueleza jambo ambalo twapenda kila familia ilijue. Mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama na kwenda bila ya kuyumba, hutegemea macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka kwenye nyayo na viungo. Ubongo huzikusanya habari hizo na kuiamrisha misuli iuzuie mwili kabla haujaanguka. Umri hupunguza ukali wa vyote hivyo, lakini kukaa tu huvipunguza kwa haraka zaidi, kwa sababu misuli isiyotumiwa husinyaa na ubongo usiojaribiwa huchelewa kujibu. Jema ni kwamba mizani hiyo hufunzika tena, hata kwa mtu wa miaka sabini au themanini.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni waliopita miaka 60. Shirika hilo lawashauri wazee wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2019, uliokusanya majaribio 108, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23.

Basi kiwanda cha shangazi kikawa chuo. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijafika sakafuni, aliketi juu ya kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, akainuka na kuketi tena pole pole, mara tano, bila ya kujisukuma kwa mikono. Kisha alisimama ameshika ukuta, akainua visigino na kuvishusha. Baadaye aliuweka mguu mmoja mbele ya mwengine, kisigino kikigusa vidole, akabaki hivyo huku akihesabu kumi kwa tasbihi yake. Alisimama kwa mguu mmoja, hesabu ya tano, kisha kwa wa pili. Mwisho alikwenda upande upande kandokando ya ukuta, na watoto wakamwita kaa, wakamfuata nyuma wakimuiga. Hatukumsikia akicheka hivyo tangu tufike.

Siri ya mazoezi haya ni kupunguza msaada kidogo kidogo. Wiki ya kwanza alishika kwa mikono miwili, halafu mmoja, halafu kwa ncha ya kidole. Zoezi lisiloitikisa mizani haliifunzi. Lakini wakati wote mmoja wetu alisimama karibu, mkono tayari. Mwenye kizunguzungu, mwenye dawa za presha zinazomlegeza, au aliyevunjika karibuni, asianze kabla ya kumuona daktari.

Nyumba nayo tuliitengeneza. Fundi alitia mti wa kushikia kwenye ukuta wa ngazi na mwengine chooni. Taa iliwekwa juu ya vidato, zulia lililokunjika likaondolewa, ndara zilizolika zikatupwa. Buibui lake lilipunguzwa pindo, maana lilikuwa likifagia chini. Na katika udhu, ambapo alikuwa akiuinua mguu mmoja juu ya sakafu iliyo maji, tulimwekea kigoda aoshe miguu ameketi. Wangapi katika mama zetu huanguka mahali hapo hapo, nasi hatupaoni kuwa ni pa hatari?

Wiki ya pili alifika darakani, akaketi, na majirani wakaja kumpa mkono wa salama. Wiki ya tatu tulikwenda naye hadi Usita wa Mui, akipumzika baraza kwa baraza. Hapo ndipo tulipofahamu hikima ya baraza za Lamu: mji uliojengwa na watu waliojua kuwa mtu huchoka. Wiki ya tano, baada ya Alasiri, tulifika Mkunguni mbele ya ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, akanunua ndizi mwenyewe na kugombana na muuzaji juu ya bei.

Kuhusu swala, alitaka mkeka wake. Tulimwekea kigoda kando, akawa anakishika anapoinuka kutoka kwenye sijda. Siku nyengine huweza, siku nyengine goti hukataa, akarudi kitini bila ya huzuni. Siku ile ya kwanza paji lake lilipogusa mkeka, alikaa chini muda mrefu, nasi tukatoka msanani tukamwacha na Mola wake.

Hatusemi kwamba amerudi kuwa alivyokuwa. Ngazi hupanda akishika mti, na njia yenye punda wengi huiepuka. Lakini siku ya kuondoka kwetu alitusindikiza kwa miguu hadi gatini. Alisimama juu ya ngazi, akaitazama mashua inavyopanda na kushuka, akatikisa kichwa. "Hii," akasema, "nangojea mkirudi."

Enyi ndugu zetu, kuwatunza wazazi ni zaidi ya kuwapumzisha. Yatupasa tuwape mkono, kisha tuuondoe kidogo kidogo, tubaki karibu. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na miguu thabiti, na atupe sisi subira ya kwenda kwa mwendo wao. Amin.