Nusu ya Jahazi

Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi iliyoelezwa kwa sentensi moja tu: kila mwanafunzi achague aina ya jarida, alisanifu, alichapishe na kulileta baada ya wiki sita. Nilidhani kazi yenyewe ni ile ya kusanifu. Kuchagua nilikuona kama kupita mlangoni tu, mtu aingie ndani aanze shughuli. Miaka imekwenda, na bado najikuta nimesimama palepale mlangoni, nikijiuliza kama niliwahi kuchagua kweli, au nilichukua tu kilichonipendeza macho nikakiita uamuzi.

Nilianza kwa bidii, hilo nalikubali. Nilinunua daftari, nikagawa kurasa, na juu ya kila ukurasa nikaandika aina moja: habari, michezo, mitindo, dini, afya, mapenzi, vichekesho, fasihi, safari. Kisha nikapanda daladala hadi Posta, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitabu na majarida ya zamani kando ya barabara, ameyatandaza juu ya turubai la buluu na kuyawekea mawe upepo usiyapeperushe. Nilimwamkia, nikamwomba anionyeshe aina zote za majarida alizo nazo. Hakuniuliza za nini. Alinyoosha mkono akaanza upande wa kulia: rundo hili la mafundi cherehani, hili la saluni, hili la wanafunzi, hili la wanaobandika picha ukutani, na lile la mwisho, lililochanikachanika, la kufungia karanga. Nikamshukuru, nikachuchumaa, nikaanza kuyapanga upya kichwani kwa kufuata daftari langu. Katika yote aliyonieleza sikuandika hata neno moja.

Naliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu nimelirudia mara nyingi sana. Mzee yule alikuwa amekwisha kunifanyia kazi yangu kabla sijafungua daftari. Sikusikia, na sidhani kama ilikuwa dharau ya makusudi. Nadhani niliamini kwamba aina ya kitu ni jina lililoandikwa mahali fulani na watu waliosoma, na kwamba mtu anayekaa na kitu hicho juani kila siku hana jina la kukipa.

Humo kwenye marundo kulikuwa na mengi. Kulikuwa na National Geographic na fremu yake ya manjano, ambayo ukiiona hata kwa mbali huna haja ya kusoma jina. Kulikuwa na Drum ya Afrika Kusini, na nakala mbili za African Film, zile za Lance Spearman, hadithi za kipelelezi zilizosimuliwa kwa picha za kamera badala ya michoro, waigizaji wamesimama na bastola zao na maneno yamewekwa juu ya vichwa vyao. Mzee alizishika hizo muda mrefu kuliko nyingine. Alisema ujanani mwao nakala moja ilizunguka mtaa mzima mpaka jalada likalainika kama kitambaa. Kulikuwa na Sani, yenye kina Madenge na Lodi Lofa, ambayo kaka zangu walikuwa wakinyang'anyana sebuleni. Kulikuwa na Femina, iliyoanza mwaka 1999, na ndugu yake Si Mchezo!, iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana wa vijijini, yenye herufi kubwa, sentensi fupi na picha nyingi. Hiyo Si Mchezo! niliifunua mara mbili nikairudisha. Kwenye daftari niliandika: "haina usanifu." Daftari ninalo hadi leo, na mwandiko ni wangu, umenyooka, hauna hata chembe ya shaka.

Siku nyingine nilikwenda maktaba kuangalia Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililoanzishwa mwaka 1923 na serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Nilikusudia kupima upana wa safu na ukubwa wa herufi, kazi ya nusu saa. Nilikaa mpaka mhudumu akaja kuzima taa. Kurasa zimebanana, hakuna pa kupumzisha jicho, lakini zimejaa watu. Msomaji anaandika barua, mwingine anatuma shairi, na chini ya shairi kuna jina la mtunzi na mji alioko. Shaaban Robert mwenyewe mashairi yake yalipita humo. Ilinijia picha ya mtu aliyeketi barazani mahali fulani bara, ametuma beti zake kwa posta, anangoja mwezi hadi mwezi aone kama zimetoka. Nilisahau rula mezani. Nilipotoka nje nikajiambia: hii ni fasihi, ni ya zamani, haina picha, haifai. Na hapa ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Kitu kilichonishika saa nne nzima kilikosaje kuingia katika hesabu zangu? Nadhani nilichanganya kitu kilichonishika na kitu nilichotamani nionekane nimekishika.

Maana wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja alikuja darasani na nakala ya Kinfolk, jarida lililoanza Marekani mwaka 2011. Tulilizunguka kama watoto wanaozunguka simu mpya. Karatasi nzito isiyong'aa, ukurasa mzima mweupe na kikombe kimoja cha chai katikati, herufi ndogo zilizotulia pembeni. Usiku ule nilichagua. Jarida langu litakuwa la safari na maisha, na litakuwa na weupe mwingi. Zile kurasa nyingine za daftari sikuzifungua tena.

Nilikwenda Bagamoyo kabla ya alfajiri kupiga picha. Nilipata moja ambayo mpaka leo naipenda: jahazi limetoka ufukweni, tanga limeanza kushika upepo, maji yana rangi ya maziwa. Nikaipa kurasa za 12 na 13, katikati kabisa ya jarida. Jarida la kushonwa kwa pini huundwa kwa karatasi kubwa zilizokunjwa, kila karatasi ikitoa kurasa 4, na ni pale katikati tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika. Kwingine kote picha ikivuka mgongo huhama kidogo. Pale haihami. Nilijivunia kulijua hilo.

Ila hesabu ya kurasa zangu ilikuja 23, na jarida la namna hiyo halikubali 23. Ukurasa wa 11 ulibaki mtupu. Nilimpigia simu mama mkubwa, mwenye saluni kule Temeke, nikamwomba aniambie namna anavyopika mkate wa kumimina. Akanitajia huku nikisikia draya ikivuma nyuma yake: mchele uliolala majini, tui zito, hamira, sukari, iliki, na usiufunike mpaka uone umeanza kutoa vitobo. Niliyaandika haraka nikayaweka pale kuziba pengo.

Nilipochapa nakala tatu za majaribio, nilimpelekea moja. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunua polepole, akasema, "Zuri, mwanangu. Limetulia." Kisha akampa mteja.

Yule dada alikuwa akisukwa twende kilioni. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, msusi juu ya kiti nyuma yake, kichwa kimeshikwa imara. Mtu anayesukwa hawezi kuinamisha kichwa. Ikambidi alinyanyue jarida mbele ya uso wake, mikono hewani. Karatasi ilikuwa nzito, nami niliichagua kwa uzito huo. Baada ya muda mfupi mikono ilichoka, akalikunja jarida kinyumenyume, jalada likakutana na jalada, akabaki ameshika ukurasa mmoja kwa mkono mmoja. Akalivuta karibu, akalisogeza mbali, akalirudisha tena. Herufi zilikuwa pointi 7, za kijivu. Akaziacha akawa anatazama picha. Alipofika katikati alitulia, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, hiki chombo mbele yake iko wapi?"

Nikamwambia, "Iko ukurasa wa pili, dada, fungua tu."

Akajaribu kulifungua kwa mikono yote miwili, kichwa kikaenda nacho, msusi akamwambia atulie. Akalikunja tena. Alibaki na tezi na nusu ya tanga.

Nilikulia katika saluni ile. Kila likizo nilifagia nywele pale, nikapanga majarida kwenye kistuli, Femina kuukuu na True Love zilizokuja na wageni. Nilikuwa nimewaona wanawake mamia wakiyashika hivyohivyo, yamekunjwa, yamenyanyuliwa, vidole vina mafuta, na macho yangu hayakuwa yamechukua chochote. Nilijua kwamba katikati ya jarida karatasi haikatiki. Sikujua kwamba nyumbani kwetu hakuna anayelifungua jarida kurasa mbili kwa pamoja.

Ningependa kusimulia kwamba nilirudi chuoni nikaanza upya. Sikuanza upya. Wiki moja ilikuwa imebaki, na kusema kweli hata zingebaki nne nisingebadili, kwa sababu nililipenda jarida langu. Nilikoleza wino wa herufi kidogo, nikalipeleka, nikapewa alama nzuri. Mwalimu aliisifu picha ya jahazi. Kwa muda mrefu zile alama zilinifanya niliweke swali la yule dada kando, kama jambo la bahati mbaya lililotokea mahali pasipo pake.

Lilirudi taratibu, kazini, kila nilipopewa kipeperushi cha kliniki au kalenda ya shule ya kusanifu. Nilianza kuuliza karatasi itashikwa wapi, na mwanga gani, na mtu mwenye nini mkononi. Nikaitafuta Si Mchezo! nikaisoma upya, safari hii nikihesabu: maneno mangapi kwa mstari, picha inakaa wapi, sentensi inaishia wapi kabla ya kufunua ukurasa. Kila nilipojaribu kufanya urahisi ule mwenyewe ulinishinda. Nilichukua siku tatu kuandaa ukurasa mmoja ambao mtu angeusoma kwa dakika moja, nao haukufika pale.

Lakini kuna upande mwingine ambao nao hauniachi. Yule dada hakulirudisha jarida. Aliacha maneno, ila alikaa na ile nusu ya jahazi mpaka msuko ukafika upande wa pili wa kichwa. Huenda ule weupe, ule ukimya wa ukurasa, ulikuwa kitu alichokuwa hana pale kwenye draya na redio na mazungumzo ya watu. Nikisema jarida la saluni lazima liwe la herufi kubwa na picha za misuko, je, simfungii kwenye rundo lile la mzee wa Posta kwa nguvu ileile niliyotumia kumfungia kwenye daftari langu? Sijapata jibu linalodumu. Siku nyingine naamka nikiwa upande huu, siku nyingine upande ule.

Mwaka jana alikuja kijana ofisini kwetu kufanya fildi, ana kazi ileile ya chuo. Simu yake imejaa majalada mazuri ya nchi za mbali. Akaniuliza, "Dada, aina ipi ni nzuri kuchagua?" Nilitaka kumwambia aanze na msomaji, nikasita, kwa kuwa mimi niliambiwa hivyo na mtu mwenye marundo matano mbele yake, na sikusikia. Nilimwomba tu akimaliza aniletee nakala moja, tuipeleke mahali.

Mwezi uliopita saluni ya mama mkubwa ilipakwa rangi upya. Nilikwenda kusaidia kuhamisha vitu, na ndani ya boksi la vitana na rola nikalikuta jarida langu, limelainika, pembe zina mafuta ya nywele. Nikalifunua katikati. Karatasi ya ukurasa wa 11 na 12 haipo. Imechanwa kwa kufuata mgongo, na ukurasa wa 13 umelegea, unashikwa na pini moja. Nikamwuliza mama mkubwa nani aliichana. Akasema wateja huchana, mwanangu, wakiona kitu wanakitaka.

Upande mmoja wa karatasi ile ulikuwa na tezi la jahazi. Upande wa pili ulikuwa na mkate wa kumimina.