Bunduki ya Bei Nafuu na Maswali ya Mama

Nimenunua bunduki. Nikisema hivyo hapa Minnesota, wenzangu kazini wanauliza ni ya aina gani na inafaa ndege gani. Nikisema hivyo kwetu Tseikuru, watu wananyamaza kwanza. Nimeitumia wiki chache sasa na nina ya kusema kuihusu, lakini siwezi kuieleza bila kueleza pia hicho kimya.

Tuanze na chuma chenyewe. Ni bunduki ya marisau, geji 12, ya kuwindia bata mwitu. Imetengenezwa Uturuki, na nyingi za bei nafuu siku hizi zinatoka huko. Nililipa dola 500 na kidogo, kama shilingi elfu 65 za Kenya. Za Kiitaliano za kazi hiyo hiyo zinaweza kupita mara tatu ya hapo. Hesabu ya geji ni ya kizamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe iwe gololi 12 zinazolingana, na upana wa gololi moja ndio upana wa mtutu.

Inajipakia yenyewe. Ukifyatua, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inaingia. Wewe kazi yako ni kuvuta kifyatulio tena. Kuna zinazotumia gesi ya baruti kufanya kazi hiyo, na kuna zinazotumia lile teke la bunduki yenyewe. Yangu ni ya teke. Uzuri wake ni kwamba haijazi masizi ndani na kuisafisha ni dakika chache. Ubaya wake unajulikana na bega. Mwanzoni risasi nyepesi za mazoezi zilikuwa zinakwama, ganda linabaki mlangoni kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini. Mzee anayenifundisha aliniambia niipige risasi nzito kwanza, mia hivi, ilainike. Ikalainika kweli. Kitako ni cha plastiki nyeusi, hakina urembo wowote, na kwa mtu anayelala kwenye matete na matope hilo si tatizo.

Kilichonishangaza zaidi ni kijiti. Ndani ya bomba la risasi kuna kijiti kinachoziba nafasi, ili bunduki ibebe risasi tatu tu. Ukiwa unawinda bata, kukitoa ni kosa. Sheria hiyo ya Marekani ni ya tangu 1935, wakati bata walikuwa wamepungua vibaya kwa ukame na kwa bunduki. Mwaka mmoja kabla yake ilianza stempu ya bata, ambayo kila mwindaji wa miaka 16 na zaidi lazima ainunue. Leo ni dola 25, na pesa zake zinanunua mabwawa na nyasi ambako bata wanazaliana. Tangu 1991 marisau ya madini ya risasi yamekatazwa nchi nzima kwa bata, maana bata humeza changarawe za kusagia chakula, na akimeza marisau ya aina hiyo anakufa kwa sumu. Kwa hiyo tunapiga ya chuma cha pua, ambayo ni mepesi na yanapoteza kasi mapema. Inabidi umngoje bata akaribie. Na ukifika bata sita kwa siku, unafunga kazi.

Nilipokuwa nasoma hayo yote kwenye darasa la usalama, nilikuwa namwaza babu yangu, umau kama tunavyosema kwa Kikamba. Uta wake ulikaa darini na podo lake kando, na sisi wajukuu hatukuruhusiwa hata kulinusa hilo podo kwa sababu ya sumu ya mishale. Umau hakuhitaji kijiti cha kumhesabia. Mshale mmoja ulimchukua muda kuutengeneza, kuuchonga, kuutia manyoya, kuupaka sumu na kuufunga kwa kipande cha ngozi isikauke. Mtu wa kazi hiyo hatupi mshale ovyo. Alituambia kwamba kupiga ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kungoja, halafu kufuata nyayo.

Lakini umau alikufa akiwa mwindaji asiye na ruhusa. Wakoloni walikuwa na leseni za wageni waliokuja na bunduki zao kubwa, na Mkamba mwenye uta walimwita jangili. Katika miaka ya 1950 walifanya operesheni kubwa Tsavo dhidi ya Wawaata na Wakamba. Kisha Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa wanyamapori, wa tajiri na wa maskini. Sibishani na marufuku hiyo. Tembo na vifaru walikuwa wanaisha. Nasema tu kwamba mjukuu amevuka bahari ili apewe karatasi ambayo babu hakuwahi kupewa kwao.

Sasa kile kimya. Tseikuru iko kaskazini ya Kitui, ukitoka Kyuso unaendelea kuelekea Tana. Upande huohuo wa mto ni Kora, mahali George Adamson, yule mzee wa simba, alipouawa na watu wenye bunduki Agosti 1989. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa ngamia wanashuka kutafuta malisho na maji, na mara nyingine inakuwa ugomvi wa shamba na kisima, na mara nyingine ugomvi huo una bunduki. Watu wamezikwa. Kwetu mlio wa bunduki hauna msimu wala stempu. Mama yangu akiusikia usiku, anazima taa na kuhesabu watoto waliomo nyumbani.

Kwa hiyo kabla sijaenda bwawani hata siku moja nilimpigia simu. Nilimwambia, "Mwaitu, nimenunua bunduki ya kuwinda bata."

Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Huko kuna vita?"

"Hapana, Mwaitu. Ni ya bata."

"Hao bata wanakula mtama wako?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mama amekulia kwenye mtama na mawele. Ndege anayemjua kama adui ni kwelea kwelea, wanaoshuka kama wingu na kumaliza shamba la mtu asubuhi moja. Silaha ya vita hivyo ni kombeo, debe la kupiga kelele na koo la mtoto. Kumfuata ndege ambaye hajakukosea kitu, tena kwa mbuzi wanane, aliona ni jambo la kuelezwa vizuri.

Nikamweleza kwamba nyama inaliwa, kwamba nafanya kazi usiku nikiwahudumia wazee wagonjwa, na kwamba asubuhi ya bwawani ndiyo mahali pekee hapa ambapo nimejua la kufanya bila kuambiwa. Namna ya kukaa. Namna ya kusoma upepo. Hakuna aliyenifundisha hayo huku.

"Inakaa wapi?"

"Kwenye kabati la chuma. Ufunguo ninao mimi."

"Usitume picha," akasema. "Kijana wa kakako anataka sana kuwa polisi wa akiba. Anaota bunduki. Asione kwamba hata wewe umefika Marekani ukaenda kuishika."

Sijatuma picha. Kijana huyo ana miaka 19 na kazi hana, na ninajua anachokiona akiona bunduki: heshima, na labda mshahara. Mimi nikimwambia ni ya bata, atacheka.

Asubuhi ya kwanza nilipiga mara saba nikapata bata wawili. Bunduki haikukwama. Ni nzito kidogo mbele, lakini uzito huo unasaidia kuisogeza pamoja na ndege bila kukurupuka. Kwa mtu anayeanza, anayetuma pesa nyumbani kila mwezi na hawezi kulipa dola 1,500, naiona inatosha. Cha kuangalia ni bega lako na uvumilivu wa zile risasi mia za mwanzo.

Bata wale niliwapika na vitunguu na nyanya, na jirani zangu wawili wa kutoka Mwingi wakaja kula ugali. Jioni mama akapiga. Hakuuliza nilipiga mara ngapi. Aliuliza tulikuwa watu wangapi kwenye sahani. Nikamwambia watatu.

"Hiyo sawa," akasema, kisha akaanza kunieleza habari za mvua.