Barua Zilizobaki Sandukuni

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kuwaeleza wasomaji, wazee na vijana, habari ya barua 19 zilizo nyumbani kwangu. Si barua za wanavyuoni wala za wakubwa. Aliziandika baharia kijana kwa mama yake, akiwa Ceylon, nchi ambayo leo yaitwa Sri Lanka, wakati wa Vita Vikuu vya Pili na katika mwaka uliofuata baada ya vita kwisha. Baharia huyo ni ami yangu, ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Lakini nimeona yafaa kuzieleza barua hizi, kwani ndani yake mna jambo ambalo nyumba zetu nyingi ziko karibu kulipoteza.

Ami alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Alihitimu chuoni, kisha akaenda skuli miaka michache. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, na manowari nyingi za Kiingereza zikahamia Kilindini. Vijana wa Mombasa wakaiona bandari yao imejaa meli ambazo hawajapata kuona mfano wake. Palikuwapo Kenya, tangu mwaka 1933, jeshi la akiba la wanamaji. Ami akaingia humo akiwa na miaka 18, na baadaye akapelekwa Trincomalee, bandari kubwa iliyo pwani ya mashariki ya Ceylon, ambayo Waingereza waliishika mpaka mwaka 1957.

Wajapani waliacha vita katikati ya Agosti 1945, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1364 Hijria, na hati ya kusalimu amri ikatiwa saini tarehe 2 Septemba. Bibi yangu alidhani mwanawe atakula Idd nyumbani. Lakini askari waliotakiwa kurejeshwa makwao walikuwa wengi mno, na meli za kuwachukua zilikuwa chache, hata wengi katika watu wa Afrika Mashariki wakangoja huko miezi na miezi. Ami alirudi mwisho wa mwaka 1946, baada ya kufunga Ramadhani nyingine ugenini.

Katika barua hizo, 8 ni za wakati wa vita, na zote zimeandikwa kwa herufi za Kizungu. Sababu yake ni kwamba barua za wanajeshi zilikaguliwa kabla ya kupelekwa, zisije zikataja meli iko wapi au yaenda wapi, na aliyewakagua hakujua hati za Kiarabu. Bibi naye, ingawa alisoma Qur'ani na aliweza kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, herufi za Kizungu hakuzijua. Basi kila barua ilipofika ilisomwa na mtu mwingine: mara baba yangu, aliyekuwa mtoto wa skuli, mara kijana yeyote aliyepita njiani, na majirani wamekaa wakisikiliza. Barua itakayopita mbele ya macho na masikio yote hayo, kijana ataandika nini ndani yake? Ukizisoma zote 8 utaona ni kama moja. Yu mzima, awasalimu fulani na fulani, aomba dua. Bibi alikuwa akisema kwamba amepata salamu, lakini mwanawe hajampata.

Vita vilipokwisha na ukaguzi ukaondolewa, bibi alimwandikia kwa mkono wake mwenyewe, akamtaka amjibu kwa hati alizofunzwa chuoni. Barua 11 zilizosalia zote ni za hati hizo, na hapo ndipo anapoonekana mtu. Alimweleza mama yake kwamba kazi yake sasa ni kupara kutu na kupaka rangi, na kushika zamu usiku juu ya meli isiyokwenda popote. Alimweleza kwamba aliugua homa siku 20, na kwamba barua yake moja ya zamani, iliyosema yu mzima, aliiandika akiwa kitandani. Alimweleza jinsi Idd ya mwaka ule ilivyokuwa nzito kwake kuliko siku yoyote ya vita. Yamo pia mambo ambayo kijana humwambia mama yake peke yake. Hayo nayaacha yalipo, kwani dini yetu imetuamrisha kusitiri.

Katika barua moja aliandika habari iliyompendeza sana. Aliingia msikitini mjini, akamkuta mzee wa Kiislamu ana kitabu. Ami akakichukua, akaanza kukisoma kwa sauti, na mzee akafurahi akidhani mgeni huyu ajua lugha yake. Kumbe ami hakufahamu hata neno moja. Waislamu wa Ceylon wasemao Kitamili walikuwa na desturi ya kuiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyoandika sisi Kiswahili chetu. Sauti aliiweza, maana hakuyajua. Walicheka wote wawili, na tangu siku hiyo mzee yule akawa ndiye mwenyeji wake.

Lakini barua ninayotaka hasa kuieleza ni ya mwezi wa Machi 1946. Ami alikuwa na rafiki, kijana wa Vanga, ambaye vitanda vyao vilikuwa ubavu kwa ubavu. Kijana huyo alisalimika na vita vyote, kisha akashikwa na homa wakati wa kungoja meli ya kurudi, akafariki hospitalini. Kabla barua ya ami haijafika, wazee wa marehemu walikwisha kupata karatasi kutoka afisini. Ilitaja jina lake na namba yake, na tarehe aliyofariki, na kwamba amekufa kwa maradhi. Ilikuwa ya Kiingereza, na mwalimu wa skuli ndiye aliyewasomea.

Hapakuwa na neno la uongo katika karatasi ile. Lakini mama wa Kiislamu aliyefiwa na mwanawe ng'ambo ana maswali yake. Alitamka shahada? Nani aliyemwosha? Alivishwa sanda, au alizikwa na nguo zake za kazi? Alisaliwa? Alielekezwa kibla? Wajua, ewe msomaji, kwamba kumwosha maiti, na kumkafini, na kumsalia, na kumzika ni faradhi ya kifaya juu ya Waislamu waliopo. Mama yule hakujua kama palikuwa na Mwislamu hata mmoja karibu na mwanawe. Alikaa wiki nyingi akiuliza swali hilo hilo kwa kila aliyekuja kumpa mkono wa tanzia, wala hapakuwa na wa kumjibu.

Ami aliyajibu yote katika kurasa nne. Alieleza kwamba usiku wa mwisho alikaa naye, akamtamkisha shahada, naye akaitamka mara mbili. Asubuhi alikwenda kwa mwenyeji wake, yule mzee wa msikitini, akamwambia kuna maiti wa Kiislamu, mgeni, hana jamaa. Wakaja watu wanne na sanda na kafuri, wala hawakukubali kulipwa chochote. Wao ndio waliomwosha, na ami akawamwagia maji. Waliomsalia walikuwa safu tatu. Akaeleza kaburi lake liko upande gani wa makaburi ya Waislamu, na ni hatua ngapi kutoka mlangoni.

Kisha akaandika hesabu. Mbali na haki zake zilizokuwa afisini, marehemu aliacha rupia 46 mkononi mwa ami. Alidaiwa rupia 12 na wenzake wawili, na rupia 5 na fundi wa viatu wa mjini. Ami alizilipa mbele ya mashahidi wawili, akaandika majina yao, zikabaki rupia 29 za warithi. Na vitu vyake vilikuwa kanzu mbili, msahafu, wembe, na kofia ya mkono ambayo marehemu alikuwa akiishona, nusu yake haijakwisha. Vyote ataviweka amana mpaka atakaporudi.

Barua hiyo ilikuja kwa bibi pamoja na sharti: ipelekwe Vanga kwa mkono, wala isisomwe barazani. Bibi alivuka Likoni pamoja na baba yangu, wakapanda gari, na barua akaichukua ndani ya buibui lake. Walipofika, baada ya kupeana mikono, aliitoa akampa mama wa marehemu. Mama yule alizijua hati za Kiarabu. Baba alinisimulia mara nyingi kwamba aliisoma peke yake, kwa sauti ndogo, na alipofika pale pa kuoshwa alisimama, akaurudia mstari ule, kisha akaendelea. Hakulia mpaka alipofika kwenye kofia. Jioni ile watu wa Vanga walimsalia marehemu sala ya maiti aliye mbali, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafii yajuzu. Tangu siku hiyo mama yule hakuuliza tena. Na kofia, ami alipomletea, aliimaliza kuishona yeye mwenyewe.

Ndugu zangu, karatasi mbili zilieleza kifo kimoja, na zote mbili zilisema kweli. Lakini moja ilimwacha mama katika mashaka, na ya pili ikamtoa. Iliyomtoa iliandikwa na kijana wa miaka 22, ambaye alijua nini mama Mwislamu ataka kujua, na aliyekuwa na hati ambayo mama huyo aliweza kuisoma kwa macho yake, bila mkalimani na bila jirani. Alilijua jambo hilo kwa kuwa alilelewa katika dini, na hati aliipata chuoni. Hapana mahali pengine alipovipata.

Tazameni pia jinsi alivyofanya katika madeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ni aya ya kuandika madeni na kushuhudiza. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu mwenye jambo la kuusia haimpasi kulala siku mbili illa wasia wake umekwisha andikwa. Ami hakuwa mwanachuoni. Alikuwa kijana aliyeyashika aliyofunzwa, akayatenda mahali ambapo hapakuwa na mzee wa kumkumbusha.

Sasa nitazame upande wetu. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wakubwa mojawapo ya barua hizi waisome. Ni vijana wazuri, na katika wao wamo waliohifadhi juzuu nyingi. Walishindwa. Mmoja alijitahidi, akasoma kwamba ami anataka asalimiwe papa, na darasa zima likacheka, kwani aliyekusudiwa ni baba. Si kosa la kijana. Kiarabu hakina herufi ya p wala v wala ch, na irabu zake ni tatu ambapo Kiswahili kina tano. Wazee wetu wengi waliandika p na b kwa herufi moja, wakamwachia msomaji afahamu kwa maana. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alijishughulisha sana kuzitengeneza herufi hizi zifae sauti za Kiswahili. Leo watoto wetu wasoma msahafu vizuri, na barua ya babu yao iliyoandikwa kwa herufi zizo hizo yawashinda.

Kwa hiyo tangu Muharram nimetenga saa moja kila wiki kwa kazi hii. Watoto huja na karatasi za zamani kutoka kwao, kwa idhini ya wazazi. Mmoja alileta karatasi iliyokuwa imefungwa pamoja na vyeti vya nyumba, na hapana aliyejua ni ya nini. Tulikuta ni deni la shilingi 60 la mwaka 1951, na chini yake imeandikwa kwamba limelipwa lote, na mashahidi wametajwa. Baba yake alipoelezwa alishukuru sana, kwani kwa miaka mingi ukoo wao ulisemwa vibaya kwa deni hilo.

Vijana wetu wa Mombasa na Tanga na Unguja wangali wakienda baharini, katika meli za mizigo na za watalii. Hawahitaji tena kungoja barua. Wana simu, na mama huiona sura ya mwanawe saa ile ile. Hiyo ni neema, nasi twashukuru. Lakini simu husikilizwa na nyumba nzima, na kijana mbele ya nyumba nzima husema yale yale ya wakati wa vita: ni mzima, wasalimuni wote. Na ikianguka majini, yote yaliyokuwamo yamekwenda.

Basi ewe kijana usafiriye, andika. Andika unachodai na unachodaiwa, na nani azikwe nawe akuarifu kwenu, yaani mwenzio yupi umemuusia. Mwandikie mama yako barua moja kwa mkono wako, isiyo ya kusomwa na mwingine, umweleze kweli hali yako. Na ninyi wazazi, fungueni masanduku yenu kabla mchwa hawajatangulia, na kila karatasi msiyoweza kuisoma mpelekeeni mwalimu aiwezaye, angali hai. Nasi walimu wa madrasa tusiseme kwamba kazi yetu huishia kwenye kukhitimisha. Mtoto aliyejua kusoma na afunzwe pia kuandika lugha yake kwa hati zile zile.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliozikwa kwao na waliozikwa ugenini, awalipe kheri wageni walioosha maiti zetu, na awarejeshe salama vijana wetu walio baharini. Amin. Wabillahi tawfiq.