Pumzi ni Neema

Pumzi ni katika neema ambazo binadamu hatambui kadiri yake mpaka zimpungukie. Sisi tusomeshao Kurani twaijua thamani yake, kwani asiye na pumzi hukatika katikati ya aya.

Yako maradhi sugu ya mapafu, yazibayo njia za hewa pole pole. Aghalabu huletwa na tumbaku, na moshi wa kuni uliovutwa jikoni miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 yaliua watu kiasi cha milioni 3.5. Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana. Lakini zipo dawa za kuvutwa kwa mdomo, zilegezazo misuli iliyobana njia hizo, mgonjwa akapata nafuu. Salbutamoli hufanya kazi kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6.

Ajabu ni kwamba watu wetu huiogopa pampu. Husema ni dawa kali, na aliyeianza amekaribia kaburi. Dada yetu mkubwa, aliyepikia kuni tangu utotoni, aliificha yake chini ya mto kwa kuwaonea haya wageni, akashikilia vidonge, huku mikono ikimtetemeka na moyo ukimwenda mbio. Na ukweli ni kinyume. Mvuto mmoja wa salbutamoli kwa kawaida una mikrogramu 100, hali kidonge kidogo kina miligramu 2, yaani mara 20 ya hiyo. Kidonge huzunguka mwili mzima. Mvuto huenda palipo na ugonjwa.

Lakini hufika ukivutwa sawasawa. Kama herufi isivyosihi ila itoke katika makhraji yake, ndivyo dawa isivyofaa ikibaki ulimini. Mgonjwa atikise pampu, atoe pumzi, kisha abonyeze huku akivuta pole pole kwa kina, na aizuie pumzi kiasi cha sekunde 10. Daktari alituonyesha hayo, nasi tukamrudishia dada yetu kila siku kama somo la alifu, hata akazoea, akaacha kuificha.

Basi enyi vijana, mzee akiitaka pampu yake mpeni kwa heshima, wala msimcheke. Mkiona aihitaji kuliko desturi, mpelekeni hospitali upesi. Na mvuta tumbaku aiache, kwani hakuna pampu irudishayo pafu lililokwisha haribika. Kutafuta dawa hakupunguzi tawakali. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.