Kinyumenyume

Matabibu wanalo neno lililoundwa kwa Kilatini ambalo, likitoholewa kwetu, huwa retropalsheni. Sehemu ya kwanza ni "nyuma", na ya pili yatokana na kitenzi chenye maana ya kusukuma. Hutajwa zaidi katika ugonjwa wa Parkinson, ingawa si huo peke yake. Mtu amesimama wima, hajakusudia kwenda popote, mara miguu yaanza kupiga hatua fupifupi za kurudi nyuma, naye hawezi kuizuia mpaka agonge ukuta au aanguke chali. James Parkinson, tabibu wa London aliyeuandikia ugonjwa huu mwaka 1817, alieleza hali iliyo pacha wa hii: mgonjwa huinama mbele, na mwendo wake hugeuka mbio bila ya yeye kupenda.

Nililihitaji neno hili kwa ajili ya baba yangu. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mama alimwambia daktari kijana, "Mwanangu, siku hizi baba yao anarudi nyuma." Daktari akasikia lile ambalo wengi wetu tungelisikia: hali ya mgonjwa imezidi kuwa mbaya. Akaandika hivyo, akapandisha dozi. Mikono ikatetemeka kidogo zaidi ya kawaida yake ya kutulia, lakini miguu haikubadili tabia, na mwezi huo baba alianguka mara mbili: mara ya kwanza alipokuwa akivuta mlango wa friji, mara ya pili aliponyoosha mkono kuchukua kikombe kabatini. Safari iliyofuata tulipokewa na daktari mwingine. Huyo alisimama nyuma ya baba, akamtahadharisha, kisha akamvuta mabega kwa ghafla. Mtu mzima wa afya hujikamata kwa hatua moja au mbili. Baba alikwenda hatua sita, na pengine angaliendelea lau mikono ya daktari isingalikuwa pale. "Hicho ndicho nilichokisema," mama akasema.

Naam, alikisema. Lakini tazama mzigo aliobebeshwa kitenzi kurudi. Nguo ikifuliwa ikapungua, imerudi. Mzazi humrudi mtoto aliyekosa. Aliyetubu amejirudi. Maendeleo yakikwama, yamerudi nyuma. Kitenzi chenye kazi zote hizo hakiwezi, peke yake, kusimama mbele ya daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Nilidhani unyambuaji ungetuokoa, kwa kuwa ndio utajiri tunaojivunia. Anarudi ni kauli ya kutenda, nayo yampa mgonjwa nia asiyokuwa nayo. Jirani mmoja alikwisha kumwona baba kuwa ni mzee mkaidi, anayekataa kusogea mbele akishikwa mkono. Anarudishwa, au anavutwa, ni kauli ya kutendwa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kutendwa hudai mtenda. Shangazi alipolisikia neno anavutwa aliuliza papo hapo, "Na nani?" Haikupita wiki, kombe likaletwa nyumbani. Baba alilinywa kwa adabu; halikumdhuru. Ila swali la shangazi lilikuwa swali halali la kisarufi, na sikuwa na jibu lake. Yabaki kauli ya kutendeka, ile ya kikombe kilichovunjika pasi na kumtaja aliyekivunja. Hiyo ndiyo ingefaa kwa mwili unaokwenda bila amri ya mwenyewe. Bahati mbaya, kurudika kwaelekea zaidi maana ya "kuweza kurudishwa", kama bidhaa dukani.

Basi niliacha vitenzi nikaenda kwenye majina. Wahenga wetu walipotaka kuutaja mwili uliotoka katika utawala wa mwenyewe, mara nyingi walishika kiambishi ki- wakarudufu mzizi: kizunguzungu, kichefuchefu. Hata kifafa husikika kama kifo kidogo kilichorudiwa. Haya si majina ya vitendo. Ni majina ya vitu vinavyomjia mtu. Hakuna aulizaye nani anamzungusha mwenye kizunguzungu.

Na kinyumenyume tunalo tayari. Hulitumia kama kielezi: alitoka chumbani kinyumenyume. Pendekezo langu ni kulipa pia cheo cha jina la ugonjwa, katika ngeli ya ki-vi: kinyumenyume hiki, kinyumenyume chake. Atakayesema kwamba mtu aweza kwenda kinyumenyume kwa hiari asema kweli, na mtoto naye aweza kuzunguka kwa hiari hadi aanguke kwa kicheko. Hilo halikulizuia neno kizunguzungu kufika katika daftari la daktari. Vijana wa mtaani hupendelea kusema mzee "anapiga rivasi". Ni usemi mwepesi na wenye picha, lakini gari la rivasi lina dereva, na tatizo la baba ni kwamba usukani haupo.

Kwa washairi, neno lina mizani tano kamili, sawa na kizunguzungu na kichefuchefu, na hukaa vyema ndani ya kipande cha mizani nane. Ajaribuye kukiingiza retropalsheni katika kipande hicho atabishana na ile l iliyosimama bila irabu mpaka jioni.

Jambo ambalo sijalikata ni kitenzi cha kuandamana nalo. Kizunguzungu twakiona au twakisikia, kifafa humshika mtu au humwangusha. Nyumbani mama amekwisha kuchagua lake. Tumemfundisha baba asisimame uso kwa uso na mlango anaouvuta, bali ubavu, mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, na siku akisahau mama hutupigia simu jioni na kusema, "Leo kinyumenyume kimemchukua mpaka kwenye mtungi."